Muulize Bi Tabibu: Homa Isiyo na Mwenyewe

Mwezi huu mumenijazia simu kwa jambo moja: mkojo wa watoto. Sijui kama ni msimu au ni kwamba barua ya mmoja huwaamsha wengine. Nimechagua sita. Majina nimeyaondoa, na yale yaliyotaja hospitali kwa jina nimeyapunguza, kwa sababu ukurasa huu si mahakama. Kwa wageni: mimi ni afisa tabibu, mzaliwa wa Langoni hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa wadi ya watoto.

Salamu alaikum Bi Tabibu. Mwanangu wa kike ana miezi minane. Alishikwa na homa Ijumaa, hana mafua wala hakuhara, ila alikataa ziwa na akatapika. Zahanati walimtoboa kidole, malaria hakuna. Nikapewa dawa ya homa na amoksisilini ya maji. Homa ikashuka, kisha ikarudi. Wakatoboa tena, malaria hakuna, dawa ya maji tena. Mara ya tatu tulipata muuguzi mwengine akasema mkojo upimwe, na ndimo ugonjwa ulimokuwa. Kwa nini hawakuupima siku ya kwanza? Na mbona mtoto hakuwahi kulia akikojoa?
*Mama, Langoni*

Wa alaikumu salaam, mwanangu. Nianze na swali lako la pili, maana ndilo linalofungua la kwanza.

Mtu mzima mwenye maambukizi ya njia ya mkojo, hii mnayoiita UTI, atakuja mwenyewe akwambie mkojo unamuunguza na anakwenda chooni kila mara. Mtoto wa miezi minane amefungwa nepi. Akikojoa akaumia, atalia. Lakini hulia pia akiwa na njaa, akiota meno, akitaka kubebwa. Nani atajua kilio kipi ni cha mkojo? Alicho nacho cha kutuonyesha ni homa, kutapika, kukataa ziwa, kulegea au kununa kutwa. Kichanga wa siku chache huweza hata kugeuka manjano ya macho. Na dalili zote hizo zina magonjwa mengine yanayozidai. Tunatazama sikio, tunatazama koo, tunasikiliza kifua, tunatoboa kidole, na hakuna anayejitokeza kusema homa hii ni yangu. Homa isiyo na mwenyewe kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, mwenyewe huenda yumo kwenye mkojo.

Sasa kwa nini hawakuupima. Sisi watu wa pwani tumelelewa na malaria. Nilipoanza kazi, homa ilikuwa malaria tu, na dawa ilitolewa bila kipimo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaagiza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na vipimo vya haraka vikaenea mpaka zahanati za visiwani. Hapo ndipo ilipoonekana ni watoto wangapi wana homa na malaria hawana. Lakini ile hatua ya pili, ya kuuliza “kama si malaria, ni nini?”, haikupewa kipimo chake cha dakika 15. Pengo likajazwa na chupa ya amoksisilini.

Wenzetu wa Tanzania waliitafuta hatua hiyo ya pili. Walichunguza watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliokuja na homa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wengi walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, na wingi wa homa zile ulitokana na virusi vinavyokwisha vyenyewe. Malaria ilikuwa kama mtoto 1 katika 10. Waliokuwa na UTI walikaribia 6 katika 100. Usiione ndogo. Zahanati ikipokea watoto 50 wenye homa, watatu ni hao, na hao watatu hawaponi kwa kungojea. Figo la mtoto mdogo likishambuliwa mara kwa mara bila kutibiwa hubaki na kovu, na kovu hilo ndilo linaloweza kumletea shinikizo la damu ukubwani.

Amoksisilini ilimpunguzia tu. Kijidudu kinacholeta sehemu kubwa ya UTI za watoto ni E. coli, mkazi wa utumbo, naye amekwisha kuizoea amoksisilini katika sehemu nyingi. Ubaya mwengine ni kwamba dozi chache zinatosha kuuharibu ushahidi: mkojo ukipelekwa maabara baada ya hapo, kijidudu hakioti, na majibu yanasema mtoto mzima.

Kwa hivyo, mama. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa hatibiwi kwa dawa ya maji ya zahanati, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku. Wa chini ya miaka miwili mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi ambalo halina sababu inayoonekana, mkojo wake upimwe. Na usisitize zaidi ikiwa homa imepita siku mbili, ikiwa amewahi kuugua UTI, au ikiwa ni msichana. Wavulana huugua zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini aliyetahiriwa huugua kwa nadra sana kuliko ambaye hajatahiriwa. Nyumba zetu nyingi huwatia jandoni mapema, na ndiyo maana kwetu wasichana ndio wanaojaa kwenye orodha. Sema hivi, kwa adabu: “Daktari, mkojo wake tuupime kabla ya dawa?” Akikasirika, mwache akasirike, lakini jibu akupe.

Sababu ya mwisho naisema kwa sauti ya chini kwa kuwa ni ya wenzangu: mkojo wa mtoto mchanga ni kazi kuupata. Foleni ni ndefu, kidole kinatobolewa kwa dakika moja, na mtoto hakojoi kwa amri. Baba wa barua inayofuata anaijua kadhia hiyo.

Bi Tabibu, tulitoka Kizingitini na boti ya alfajiri, mtoto wa miezi mitano ana homa. Hospitali wakambandika kifuko cha plastiki hapo mbele, kikakaa mpaka adhuhuri. Tulilala kwa jamaa kungojea majibu. Siku ya tatu tunaambiwa “mchanganyiko wa vijidudu, rudieni”. Nimepoteza nauli na siku za bahari. Hawa wananichezea?
*Baba, Kizingitini*

Hawakukuchezea, kaka, ila hasira zako ni haki yako.

Kile kifuko hubandikwa juu ya ngozi, na ngozi ya hapo ina vijidudu vyake hata ikioshwa vipi. Nyuma kidogo pana njia ya haja kubwa, ambako E. coli ndiko kwao. Mkojo unatoka, unaioga ngozi yote, unakusanyika mfukoni na kukaa kwenye joto la mwili mpaka mtu akumbuke kuutazama. Ukienda kuoteshwa maabara, humea kila kilichokuwapo. UTI ya kweli kwa kawaida ina kijidudu cha aina moja, kwa wingi. Zikimea aina mbili tatu pamoja, hiyo ni ngozi inayozungumza. Wauguzi wapya nawaambia: mkojo wa kifuko ukisema hakuna kitu, uamini, ukisema kuna kitu, usianze dawa kwa neno lake, tafuta mkojo mwengine.

Mwengine unapatikanaje? Kwa mtoto anayeumwa sana, tunaingiza mpira mwembamba mpaka kwenye kibofu, au tunavuta kwa sindano juu ya kinena. Najua majumbani hili halipendwi, na kwa mtoto wa kike nyanya husimama mlangoni akauliza swali analoona haya kulitamka. Nalitamka mimi: mpira unapita tundu la mkojo, si pengine. Ubikira hauguswi. Musikatae kwa sababu hiyo.

Kwa wengine wote ipo njia ya kudaka. Mtoto aliyekwisha kunyonya anavuliwa nepi, anaoshwa mbele na nyuma kwa maji safi na pamba, anakaushwa. Mama anampakata miguu ikiwa wazi. Mtu wa pili, na hapa ndipo kina nyanya wanapofaa kuliko daktari yeyote, anashika kikopo cha maabara kilichofunguliwa, kifuniko mkononi, si juu ya benchi, na kidole kisiguse ndani. Halafu macho yasiondoke. Majuzi bibi mmoja wa Matondoni alikaa hivyo na mjukuu, buibui limekunjwa mpaka kwenye viwiko, akimwimbia kwa sauti ndogo. Binti yake alikuwa amegeuka kujibu simu. Ghafla: “Ndoo! Ndoo na kopo!”, yaani njoo. Tone za kwanza binti akaziacha zianguke sakafuni, kama alivyoambiwa, akachomeka kikopo katikati ya mkondo na kukitoa kabla haujakatika. Vijiko viwili vya mkojo msafi. Maabara haihitaji zaidi.

Kungojea ndiko kunakochosha, na kungojea kunaweza kufupishwa. Melbourne, Australia, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watoto 354 wa mwezi 1 hadi 12. Nusu walisuguliwa taratibu, mzunguko mzunguko, chini ya kitovu juu ya kinena, kwa shashi iliyoloweshwa maji baridi ya chumvi. Wengine walingojewa vivi hivi. Ndani ya dakika 5, waliosuguliwa walikojoa 31 katika 100, waliongojewa 12. Si muujiza, lakini ni shashi na maji baridi, na hakuna kituo katika Lamu kinachoweza kusema hakina hivyo viwili. Kwa vichanga wa chini ya siku 30, Wahispania walionyesha mwaka 2013 njia ya kushinda hiyo: mtoto ananyonya, baada ya dakika 25 hivi mtu anamshika chini ya makwapa miguu ikining’inia, mwengine anamgongagonga kwa ncha za vidole juu ya kibofu kwa nusu dakika, kisha anamsugua kiunoni pande mbili za uti wa mgongo nusu dakika nyingine, kwa kupokezana. Zaidi ya 8 katika 10 walikojoa, wengi wao chini ya dakika moja. Yataka mikono mitatu, minne. Nyumba za kwetu hazina uhaba wa mikono.

Sasa bahari. Nakuandikia hili wewe hasa, kwa sababu zahanati za kisiwa chenu cha Pate mara nyingine hutuma mkojo Amu peke yake, mtoto akabaki. Kijidudu hakisafiri kimekaa kimya. E. coli kwenye joto linalomfaa huweza kujizidisha maradufu kila dakika 20. Tumfanyie ukarimu, tuseme nusu saa. Mkojo ukitoka na vijidudu 1,000 tu kwa mililita, vya ngozi, visivyo na maana, baada ya saa tatu vimefika 64,000. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2011 kwa watoto wa miezi 2 hadi 24 ilihesabu kuanzia 50,000, pamoja na dalili za usaha kwenye mkojo. Maji yakipwa pale mlango-bahari wa Mkanda, boti ikingoja, mtoto asiyeumwa anageuka mgonjwa wa UTI njiani. Ikiwa maabara haifikiwi ndani ya saa moja, kikopo kiwekwe kwenye baridi mara tu kinapojazwa. Kwenye nyuzi 4 hukaa mpaka saa 24. Kizingitini barafu ya samaki munayo. Funga kikopo barabara, kitie ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya sanduku la barafu, na mkabidhi nahodha umwambie ni nini, asije akakiona akakitupa. Zipo pia chupa zenye asidi ya boriki zinazouzuia mkojo usiharibike. Muombeni msimamizi wa zahanati yenu aziagize, na mukizipata zijazwe mpaka kwenye mstari, si nusu.

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya bara. Tuna dipstiki peke yake, vile vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, hadubini imeharibika. Wiki nzima naitraiti, ile alama ya bakteria, ilijitokeza kwa watoto mfululizo, kisha ikanikatalia kwa mtoto ambaye ningeapa ana UTI. Niziamini au nizitupe?
*Muuguzi, Lamu Magharibi*

Dada, kabla sijakujibu: kile kikebe kinakaa wapi, na kifuniko chake kiko wapi? Hewa yetu hii hutia kutu bawaba za mlango, wa ufukweni na wa msituni sawasawa. Kile kipande cha naitraiti kikipata unyevu kwa siku kadhaa huweza kugeuka waridi chenyewe, kabla hakijaona mkojo. Ukiona “mlipuko wa UTI” wa ghafla, chovya dipstiki moja kwenye maji safi. Ikigeuka, kikebe kizima ni cha kutupa. Kikebe kifungwe kila unapotoa kijiti, kile kifuko cha ndani cha kukausha kisitolewe, tarehe ya kufungua iandikwe juu kwa kalamu, na wala kisiwekwe kwenye friji. Nimeona pia mahali wanavikata vijiti kwa urefu kwa mkasi ili kimoja kiwe viwili. Uchumi huo unamponza mtoto.

Halafu saa. Kila kipande kina sekunde zake zilizoandikwa kwenye kikebe. Ukichovya ukaenda kujaza rejista, ukirudi rangi unazozisoma hazina maana tena.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuamini. Naitraiti hutokea pale bakteria wanapopata muda wa kuzigeuza chumvi za naitreti zilizomo kwenye mkojo, na muda huo ni kama saa nne ndani ya kibofu. Mtoto wa miezi sita hakai saa nne. Anakojoa kila akinyonya. Zaidi ya hayo, wako bakteria wasiojua kuigeuza kabisa. Kwa hivyo naitraiti ikionekana kwenye mkojo mpya na kijiti kizima, mshike mtuhumiwa: ni mara 2 tu katika watoto 100 wasio na UTI inaposingizia. Isipoonekana, usimwachie huru, maana humkosa karibu nusu ya wagonjwa. Seli nyeupe, zinazosomwa kwenye kipande kingine cha kijiti, ziko kinyume: huwanasa wagonjwa 83 katika 100, lakini huwasingizia 22 kati ya 100 wasio na ugonjwa, kwa kuwa mtoto mwenye homa ya jambo jingine, au mkojo uliopita kwenye ngozi iliyowashwa, nao huzileta.

Mimi nazisoma pamoja. Zote mbili hazipo, mtoto amepita miezi mitatu na hali yake si mbaya: natafuta homa kwengine, na namwambia mama arudi ikiendelea. Moja ipo: nadaka mkojo wa kuoteshwa kabla ya dozi ya kwanza, kisha naanza dawa siku hiyo, singojei maabara mtoto akiwa anachemka. Kuotesha kunataka siku nzima na zaidi, na siku nyingine ya kujua dawa gani inakiua kijidudu. Wa chini ya miezi mitatu simpimi kwa dipstiki nikaridhika. Huyo ni wa hospitali. Na hadubini, dada, iandikie barua kila mwezi, nakala uweke.

Binti yangu ana miaka mitano. Tangu aanze chekechea, kila akilalamika tumbo au akikimbia chooni nampeleka maabara ya mtaani, na kila mara majibu ni “seli za usaha, UTI”. Homa hana. Amekunywa dawa za kila rangi na sasa wanataka kumdunga sindano. Nifanye nini?
*Baba, Barani, Malindi*

Baba, barua yako ndiyo iliyonifanya nitoe ukurasa mzima kwa jambo hili, kwa sababu watu hudhani tatizo letu ni UTI zinazofichika tu. Ziko na nyingine zinazozuliwa.

Seli za usaha si UTI. Ni askari wa mwili, na wanakuja popote palipowashwa. Msichana aliyevaa chupi ya nailoni kwenye joto la Malindi, anayeogeshwa kwa sabuni ya manukato, anayewashwa usiku na minyoo ile midogo kama nyuzi, atakuwa na seli za usaha kwenye kikopo kila utakapompima, hasa kama kikopo alipewa ajaze peke yake chooni. Maabara ikaandika alama za kujumlisha mbili, mwenye duka la dawa akasoma, mzunguko ukaendelea.

Nataka nijue mambo ambayo hakuna aliyekuuliza. Haja kubwa anapata lini, na ni ngumu? Kinyesi kilichojazana hukisukuma kibofu, mtoto akakimbia chooni kila mara kwa mkojo mdogo, au mkojo usitoke wote ukabaki, na huo unaobaki ndio hatimaye unaoingia vijidudu. Shuleni anakwenda chooni? Wengi wa umri wake hujizuia kutoka saa mbili asubuhi mpaka warudi nyumbani, kwa sababu choo kinanuka au hakina komeo. Nenda ukakitazame choo hicho mwenyewe siku moja. Maji anakunywa? Usiku anajikuna?

Mkojo wake uoteshwe mara moja, kwa utaratibu, akiwa hajanywa dawa za vijidudu karibuni. Mamake amuoshe kwa maji matupu, akae miguu ameitanua, aanze kukojoa, kikopo kiingie katikati. Ikimea aina moja kwa wingi, ni UTI, na safari hii itajulikana dawa yake. Ikimea mara ya pili baada ya kutibiwa, afanyiwe picha ya figo kwa mashine ya ultrasaundi na apimwe presha. Ndiyo, watoto hupimwa presha, kwa mkanda mdogo wa saizi yao. Isipomea kitu, sindano hiyo ni ya nini? Uwaulize hilo neno kwa neno. Watoto wengi wa namna hii nimewaona wakipona kwa mapapai, maji, ruhusa ya kwenda chooni na dawa ya minyoo.

Mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu mkojo wake ni wa rangi ya chai na unanuka. Mamake kakimbilia hospitali. Sisi tukiwapa maji ya dafu na kombe la mwalimu, yale maji yaliyooshewa aya, wakapona. Kuna ubaya gani?
*Nyanya, Shela*

Hakuna ubaya wowote, nyanya yangu, kombe liandikwe na dafu lipasuliwe, lakini mkojo udakwe kwanza. Dafu ni maji, na mtoto wa kaskazi kali mara nyingi kinachomsibu ni kiu tu. Mkojo unakuwa mzito, unanuka, akinywa unatakata. Wale waliopona kwa dafu wengi wao walikuwa na kiu. Harufu peke yake haimtambulishi mwenye UTI. Rangi ya chai nayo, ikiwa imebaki hata baada ya kunywa, au uso umevimba asubuhi, au alikuwa na vidonda vya ngozi au koo wiki chache nyuma, hiyo huenda ni damu na figo zinaumia. Binti yako kafanya sawa kukimbia.

Kijana wangu wa miaka tisa yuko kwa bibi yake karibu na Garsen. Anasema mkojo unamalizikia na damu, haumwi na hana homa. Duka la dawa wamesema ni UTI.
*Baba, Mkomani*

Hapana. Mvulana wa umri huo, anayeogelea kwenye maji ya Mto Tana, damu ikija mwishoni mwa mkojo, kwanza ni kichocho mpaka ithibitike vingine. Dipstiki itaonyesha damu na pengine seli nyeupe, na hapo ndipo watu wanapopotea. Mwambie bibi ampeleke kituo chenye hadubini, na mkojo autoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, baada ya kurukaruka kidogo, kwa kuwa mayai ya kichocho hutoka kwa wingi wakati huo. Na kikopo kiwe na zile tone za mwisho, kinyume na nilivyowaambia wengine wote leo. Dawa yake ni prazikwanteli, kwa uzito wake. Na nduguye anayeoga naye mtoni aende naye.